Blanketi la Nyumba Kumi

Miaka ile sukari ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Watoto wadogo wa Maisaka, mtaa wetu pale Babati, waliijua kwa maelezo, kama walivyoijua bahari. Sabuni ilikuja mara moja moja, na ilipokuja mche mmoja ulikatwa kwa uzi, kila nyumba ikapata kipande cha kuoshea uso siku ya Jumapili. Kisha likaja blanketi. Nasema likaja kwa sababu lilikuwa moja. Duka la ushirika lilimpa kila balozi wa nyumba kumi blanketi moja, akawagawie watu wake kwa haki. Namna ya kugawa kitu kimoja kwa nyumba kumi kwa haki hawakumweleza.

Nasikia kwingine mabalozi walilimaliza jambo hilo kimyakimya, na nyumbani kwao baridi ikaisha. Balozi wetu alikuwa mwoga wa lawama. Alitangaza kwamba tutapiga kura.

Mimi nilikuwa nikiishi na mama yangu. Nilikuwa nauza samaki wa ziwani pale sokoni, wakavu, kwa kuwa mafuta ya kuwakaangia hayakuwepo. Mama nilikuwa nimemshusha kutoka milima ya Mbulu baada ya baba kufariki. Kule baridi ni ya kweli, na alikuwa ameishi nayo maisha yake yote bila kugombana nayo. Alipofika Babati, ambako watu wa Mbulu husema ni joto, kifua kikamkamata. Blanketi lake la zamani lilikuwa limebaki uzi na matundu. Nikachana magunia mawili ya katani, nikayaunga kwa sindano ya kushonea magunia, akawa anajifunika hilo juu ya shuka. Gunia lile lilikuwa na joto, siwezi kulisingizia. Lakini kila alipogeuka lilikwaruza, na akilala vibaya lilimwamsha.

Hakuwa mtu wa kuomba vitu. Nilipomwambia kuna blanketi la kura, alisema, "Ningependa kulala bila kusikia kitu ninachojifunika."

Basi nikaenda kwenye kura nikiwa na neno hilo moja.

Balozi alikuwa na kibuyu chenye mdomo mpana kiasi cha mkono kuingia. Alitia ndani punje tisa za mahindi meupe na punje moja ya mahindi mekundu, zote za ukubwa mmoja. Tulizihesabu sote kwa sauti zikiingia. Kila nyumba ingetoa mtu mmoja, mtu angetumbukiza mkono bila kuangalia, atoe punje moja, abaki nayo. Mwenye nyekundu angechukua blanketi. Lilikuwa juu ya kiti, la kijivu, lina mstari mwekundu pembeni, na kiti hicho siku hiyo hakuna aliyethubutu kukikalia.

Ugomvi ulianza kabla ya mkono wa kwanza. Wote walitaka kuwa wa kwanza. Kulikuwa na mzee mfugaji katika nyumba zetu kumi, mtu wa kutoka Simanjiro aliyehamia mjini na ng'ombe wachache, na yeye ndiye aliyesema wazi. Alisema wa kwanza anachagua katika kumi, lakini wa mwisho hachagui chochote, anapewa masazo.

Hapo akasimama mwalimu. Alifundisha hesabu shule ya msingi, na nyumba yake ilikuwa ya tano kutoka kwangu. Akasema kwamba hata huyo wa kwanza hachagui, maana haoni. Punje ni kumi, nyekundu ni moja, basi kila nyumba ina nafasi moja kati ya kumi, atangulie au afuate. Akasema ingekuwa sawasawa na kufumba macho na kugawa punje zote kwa mara moja, kila mtu yake mkononi, kisha tufumbue. Je, hapo nani angekuwa wa kwanza?

Hata hivyo hakuna aliyesogea nyuma.

"Kama ni sawa," mzee mfugaji akamwambia, "kaa wewe mwisho."

"Nakaa," akasema mwalimu.

Akaenda kusimama nyuma ya watu wote, mikono mgongoni, kama anayesimamia mtihani. Aliyekuwa mbele yake ni mimi, kwa sababu nilichelewa kutoka sokoni.

Watu wakaanza. Nyeupe. Nyeupe. Mzee mfugaji alikuwa wa tatu, akatoa nyeupe, akaitazama kwa muda mrefu kama ng'ombe aliyeuziwa kwa ulaghai. Jirani yangu wa upande wa ziwa, ambaye baadaye wote tulimwita Mama Mapacha, alitoa nyeupe. Balozi mwenyewe akatoa nyeupe, na watu wakapumua, maana walikuwa wamekwisha kuandaa maneno. Kila nyeupe ilipotoka, mwalimu nyuma yangu alikuwa akihesabu polepole: sasa ni moja kati ya tano, sasa moja kati ya nne. Nilitamani anyamaze. Nafasi yangu ilikuwa ikikua kila mtu aliposhindwa, na si vizuri mtu kufurahia jirani zake wakishindwa mmoja mmoja, lakini nilifurahia.

Zikabaki punje mbili kibuyuni na watu wawili nje. "Nusu," akasema mwalimu.

Nikatia mkono. Punje mbili, nimezigusa zote mbili, hazikuwa na tofauti yoyote. Nikachukua moja. Ilikuwa nyeupe.

Mwalimu hakuwa na haja ya kutia mkono, lakini alitia, kwa kuheshimu utaratibu. Akatoa nyekundu. Alikuwa amekaa mwisho ili kutuonyesha kwamba wa mwisho hana tofauti na wa kwanza, na akashinda. Nadhani hajawahi kufundisha somo likaeleweka vibaya kama lile. Alisimama pale na punje yake akieleza kwamba hii haithibitishi chochote, na watu wakimwangalia kama unavyomwangalia mwizi anayekueleza kuhusu kufuli.

Nilipofika nyumbani mama aliniuliza nilikuwa wa ngapi. Nikamwambia wa tisa.

"Ungekuwa wa kumi," akasema, akageukia ukutani, na gunia likakwaruza.

Jioni ileile mwalimu alikuja kututazama. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba, akamkaribisha kiti. Mwalimu akaanza kueleza upya, kwa upole, kwamba toka mwanzo nyumba yetu ilikuwa na moja kati ya kumi, sawa na yake, na kwamba ile nusu ya mwisho ilitokana na wengine kutangulia kukosa. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyekijifunza ukubwani, lakini alichosema kilieleweka daima.

"Mwalimu, hilo blanketi lina joto?"

"Lina joto, mama."

"Basi hesabu yako ni sahihi."

Mwalimu alicheka, kisha akaona aibu ya kucheka. Blanketi hakutupatia, na sikutegemea atupatie, alikuwa na mke na watoto kama watu wengine. Sikumlaumu. Nilimlaumu kidogo.

Tangu siku hiyo akawa anapita mara kwa mara, na mama akawa anamwuliza maswali. Nafikiri alipenda mtu mwenye majibu mafupi. Siku moja alimwuliza, kwa hesabu zake hizo, nafasi ya mtu kufa ni ngapi. Mwalimu akasema ni moja. Mama akauliza ni moja kati ya ngapi. Mwalimu akafikiri, akasema, "Moja kati ya moja, mama. Hilo tunaliita tukio la hakika." Mama akasema afadhali, maana huko hakuna kupanga foleni.

Mwaka uliofuata, upepo wa mwezi wa sita ulipoanza kutoka ziwani, likaja blanketi la pili. Moja tena. Balozi akatoa kibuyu. Mwalimu akawekwa pembeni kwa kuwa alishapata, zikabaki nyumba tisa, kwa hiyo punje nyeupe nane na nyekundu moja.

Safari hii hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Somo la mwalimu lilikuwa limekaa vichwani: anayeshinda ni wa mwisho. Balozi aliita jina la nyumba ya kwanza, mtu akasema atangulie mwenzake. Akaita la pili, huyo akasema yeye si mtu wa pupa. Hata wale waliopigania mbele mwaka uliopita sasa walikuwa na adabu ya ajabu. Tulisimama pale tukikaribishana hadi jua likawa kali, na kibuyu kikabaki mikononi mwa balozi kama mtoto asiye na mwenyewe.

Aliyetutoa hapo alikuwa mama mmoja mzee, mke wa katekista, mtu wa milimani kama sisi. Alisema tatizo letu ni kwamba tunakula na kumaliza. Kwetu, akasema, mtu akipakua hakombi chungu, anamwachia anayekuja nyuma. Kwa nini kila mmoja asitoe punje, akaionyesha kwa watu, kisha akairudisha kibuyuni? Hapo wa kwanza atakuta tisa na wa mwisho atakuta tisa, na hakuna atakayekula masazo.

Lilikuwa jambo la utu kabisa. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi pia nilitikisa. Ni wazo ambalo ungeweza kulisema kanisani.

Mwalimu, kutoka pembeni alikowekwa, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akasema kwa utaratibu huo anaweza asipatikane mshindi hata mmoja, au wakapatikana wawili, au watatu, kwa sababu punje ikisharudi kibuyuni kila mtu anaanza upya. Akasema nafasi ya kupata mshindi mmoja tu haifiki hata nusu.

"Nyekundu ni moja, Mwalimu," balozi akamwambia. "Watashindaje wawili na punje moja?"

"Punje haikumbuki, Balozi. Haijui kwamba imeshatoka."

"Wewe ulishapata lako. Tuache na sisi tupate."

Duru ya kwanza tulitoa wote tisa, tukaonyesha, tukarudisha. Zote nyeupe. Watu walimgeukia mwalimu kana kwamba amefanya yeye. Balozi akazimwaga punje mkekani kuhakikisha nyekundu bado ipo. Ilikuwepo, imelala katikati ya wenzake bila wasiwasi.

Duru ya pili, Mama Mapacha alikuwa wa pili kutoa. Alikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani, wa miezi michache tu, na ilimbidi ajipinde ili mkono ufike kibuyuni. Akatoa nyekundu. Watu wakapiga vigelegele, wengine wakaanza kuchukua viti vyao. Wale mapacha wawili walikuwa wakilala kwenye kanga moja na kila mtu alijua. Balozi akanyoosha mkono kwenye blanketi.

Mke wa katekista akamzuia. Utaratibu ni utaratibu, akasema, kila nyumba itoe, wasije wakasema walinyimwa. Kwa hiyo tukaendelea, kwa heshima tu, watu wakitoa punje huku wakiongea mambo mengine. Nilipofika mimi nilitia mkono nikifikiria samaki niliowaacha sokoni. Nikatoa, nikainua juu kuonyesha kama wengine.

Watu wote walikuwa wakinitazama mkononi. Niliangalia mkono wangu mwenyewe mwisho wa watu wote: ilikuwa nyekundu.

Wengine walisema muujiza. Wengine walisema jambo jingine, na wakaniangalia vidole. Punje zilimwagwa tena, zikahesabiwa, nyekundu ilikuwa ileile moja. Mwalimu hakusema kitu. Alikuwa na adabu hiyo. Mtu mmoja alipendekeza blanketi likatwe, na balozi akakataa kwa hofu, akasema kitu cha serikali hakikatwi. Kupiga kura tena kati yetu wawili mke wa katekista alikataa, kwa kuwa sote tumeshinda kwa haki na haki haipigwi kura mara mbili. Mwishowe ikaamuliwa tulitumie kwa zamu, wiki kwake, wiki kwangu, na kubadilishana iwe Jumapili baada ya ibada. Nani aanze? Balozi akarusha sarafu ya shilingi, upande wa mwenge uwe wangu, wa kichwa uwe wa Mama Mapacha. Ikalala mwenge juu.

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Alilipapasa, akalinusa, akajifunika pale pale mchana. Nikamweleza masharti. Alicheka hadi kifua kikambana.

"Hili ni blanketi," akasema, "au mume wa wake wawili?"

Wiki ile alilala. Nilikuwa chumba cha pili nikisikia ukimya, na ukimya ule ulinifurahisha kuliko sukari. Jumapili nikalikunja nikalipeleka. Jumapili iliyofuata Mama Mapacha akalileta, limefuliwa, ingawa sabuni sijui aliitoa wapi. Tulienda hivyo miezi kadhaa. Wiki za blanketi mama alikuwa na maneno mengi, akimcheka mwalimu, akinituma nikamnunulie ndizi. Wiki za gunia alinyamaza. Kifua kilikuwa kikizidi katika wiki zote mbili bila kubagua.

Siku moja, mwalimu akiwepo, mama aliuliza swali lake la mwisho la hesabu. Aliuliza, siku yake ikifika, nafasi ya kufikwa akiwa na blanketi ni ngapi. Nilitaka kumzuia, lakini mwalimu alikuwa amezoea kumjibu.

"Nusu, mama. Wiki yako au wiki yao."

"Basi sikia, binti yangu," mama akaniambia, akimwangalia mwalimu kama shahidi. "Ikiwa wiki yao, usiende kulidai. Wale ni wawili na wanaanza. Mimi ni mmoja na namaliza. Hiyo siyo nusu kwa nusu."

Mwalimu aliangalia chini. Sijui kama kulikuwa na kosa katika hesabu ile. Hakulitaja.

Ikawa wiki yao. Ilikuwa Jumatano asubuhi, nilikuwa nimemwinua anywe uji, na akawa mzito mkononi. Gunia likateleza hadi chini na halikumwamsha.

Habari zilifika kwa Mama Mapacha kabla sijamaliza kumfumba mama macho. Alikuja mbio na blanketi begani, watoto amewaacha kwa jirani.

"Mfunike mama, dada."

"Ni wiki yako."

"Wiki ni yangu, basi naamua mimi. Mfunike."

Tulimfunika. Alilala nalo mchana kutwa, watu wakija kutoa pole, na walipokuwa wakiingia waliliona, maana kila mtu alilijua. Wengine walinong'ona kwamba alishinda kwa haki, azikwe nalo. Mzee mfugaji alisema kwao mtu huzikwa na alichokipenda. Nilisikia yote. Nilipenda kukubali, kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote. Kesho yake asubuhi, kabla hatujamtoa, nikalikunja kama Jumapili zote, nikampa Mama Mapacha mikononi. Mama tulimzika kwa shuka lake na kanga zangu mbili zilizokuwa bado na rangi. Hazikwaruzi.

Ningependa kuishia hapo, lakini baada ya matanga balozi alikuja na kibuyu. Alinipa pole kwanza, akakaa, akazungushazungusha kile kibuyu magotini. Alisema amelifikiria jambo, na ameona kwamba nusu yangu ya blanketi ilitolewa kwa ajili ya mgonjwa, na mgonjwa hayupo tena. Sasa nusu hiyo inatakiwa irudi kwa watu. Nikamwambia nimempa Mama Mapacha. Akasema kitu cha kura hakitolewi zawadi, watu watasema. Aliniomba radhi mara nyingi. Alikuwa mwoga wa lawama, nimeshasema.

Kwa hiyo tulipiga kura ya nusu ya blanketi. Mimi, mwalimu na Mama Mapacha tulikaa pembeni, zikabaki nyumba saba. Safari hii hawakurudisha punje. Walikuwa wamejifunza, ingawa hawakumwambia mwalimu kwamba wamejifunza. Mama Mapacha alikaa karibu nami, blanketi amelikunja mapajani, macho hayatoki kwenye kibuyu. Watoto walikuwa wamelala juu yake.

Nyekundu ilitoka mkononi mwa mzee mfugaji. Aliinua juu, akaizungusha kwenye mwanga. Balozi akamweleza kwamba zamu yake inaanza Jumapili.

Mzee akaitazama punje, akamtazama mwalimu. "Wewe ulisema punje haikumbuki?"

"Nilisema hivyo, mzee."

"Na mimi sikumbuki," akasema. Akairusha punje mdomoni, akaitafuna, akachukua fimbo yake akaenda kuwafungulia ng'ombe.

Balozi alibaki na kibuyu cha punje nyeupe, na hakuna sheria iliyokuwa imeandikwa kwa jambo la namna hiyo. Watu walisubiri kidogo kuona atasema nini, kisha wakaanza kuondoka. Mama Mapacha aliwafunika watoto pale pale alipokaa.

Miaka michache baadaye mitumba ilijaa mnadani, mablanketi yamerundikwa chini kama majani ya ng'ombe, watu wakiyapiga teke kutafuta zuri zaidi. Ukitaka unachukua mawili. Nilinunua moja, la kijivu.

Lakini siku ile ya kura ya mwisho niliporudi nyumbani, gunia la mama lilikuwa bado kwenye kamba nilipolianika. Hilo hakuna aliyekuja kuliulizia. Nikalianua, likakwaruza mikononi, nikaenda nalo ndani.